Sura ya Tano: Muziki Hupimwa Uwanjani

Ukitaka kujua lini muziki mpya utafika Bungu, usiulize redio. Uliza mnada wa korosho umefanyika lini na wakulima wamelipwa lini. Kuanzia Oktoba, fedha za korosho zinapoanza kuingia kwenye akaunti na simu za watu wa Kibiti, harusi zilizokuwa zikisogezwa mbele tangu masika hupata tarehe. Watoto waliotoka jandoni hufanyiwa sherehe, mwali hutolewa nje, na aliyeezeka bati jipya hukumbuka kwamba bado hajawaalika majirani. Kila jambo la aina hiyo linataka muziki, na muziki wa shughuli za siku hizi haukamiliki bila nyimbo ambazo wiki iliyopita hakuna aliyezijua.

Bungu iko kando ya Barabara ya Kilwa, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Dar es Salaam, kati ya Jaribu Mpakani na mji wa Kibiti. Abiria wa Lindi na Mtwara huipita dirishani: minazi, mikorosho, mihogo, bodaboda waliojibanza kivulini. Watu wakitaja miji ya muziki Tanzania, hakuna anayeikumbuka. Sisi mashabiki tunaofuata turubai linakofungwa tunaijua vingine. Usiku wa Jumamosi katika msimu mzuri, ukisimama barabarani ukatega sikio, unaweza kuchagua mdundo wa kuufuata.

Hoja yangu katika sura hii ni moja. Muziki huru wa Tanzania, ule unaotengenezwa na vijana wasio na mkataba, meneja wala nafasi redioni, unaishi kwa sababu ya watu wa viwanja vya namna hii. Mwenye shughuli ndiye mdhamini, mchezaji ndiye jaji, na kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo ndiye msambazaji. Wakichoka hao, hakuna studio itakayouokoa.

Saa nne usiku

Vyombo hufika alasiri juu ya guta: spika, mabufa, mikisa, nyaya zilizoviringishwa shingoni mwa kijana aliyekaa juu ya mzigo, na jenereta ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya ngoma lawama zote ni za mwenye muziki. DJ anapanga meza ya plastiki chini ya turubai, laptopu ya mtumba anaiweka juu ya kreti la soda ili isipate joto. Hadi saa tatu anapiga taarabu na Bongo Fleva za miaka iliyopita. Wazee wanakula wali, watoto wanachezea mbele ya spika, wageni wa Mbagala wanasalimiana na ndugu zao.

Saa nne mambo hubadilika. DJ anachukua kipande cha kinanda kutoka mwanzo wa wimbo wa taarabu, cha sekunde chache tu, anakikata, anakizungusha, kisha anaanza kupandisha kasi. Wimbo wa kawaida wa Bongo Fleva huenda kwa mapigo mia moja hivi kwa dakika. Singeli, muziki wenyewe wa viwanja hivi, huanzia 200, na wapo wanaoipeleka karibu na 300. Ukiisikia mara ya kwanza utadhani mashine imeharibika. Baada ya dakika tano mguu umeshaielewa, hata kama kichwa bado.

Ndipo MC anashika maiki. Hana karatasi. Anamtaja mwenye shughuli, anamtaja mjomba aliyelipia jenereta, anateremka kwenye kisa cha jirani aliyekopa kausha damu, mkopo wa riba kubwa, akanunua kabati badala ya mbegu. Watu wanacheka kwa sababu jirani wa namna hiyo yupo kila mtaa. Mama mmoja anatoka kwenye duara na noti ya elfu moja, anaipunga hewani, anazunguka nayo, kisha anambandika MC kifuani. Sasa MC ana deni. Lazima jina la mama yule, au la mwanawe, liingie kwenye mstari kabla kinanda hakijarudi mwanzo, na liingie na vina. Akiweza, noti ya pili inakuja. Akijikwaa, duara linafunguka na watu wanakwenda kunywa soda.

Hapo ndipo ninapoupendea uwanja. Redioni wimbo mbaya unaweza kupigwa hadi ukazoeleka. Uwanjani hakuna muda huo. Uwanja humchuja msanii kama kifumbu kinavyochuja tui, na machicha huonekana palepale. MC aliyepita viwanja vya Bungu, Kibiti na Ikwiriri msimu mmoja ameshajifunza mambo ambayo hakuna darasa linaloyafundisha: kusoma sura za watu, kujua lini anyamaze DJ apige peke yake, kumtania mtu mzima bila kumvunjia heshima.

Sauti iliyokwenda mjini ikarudi

Ni rahisi kudhani kwamba singeli ni kitu cha Dar es Salaam kilichoteremka kwa basi hadi vijijini. Basi lipo, tena linatokea Mbagala Rangi Tatu. Lakini safari ya kwanza ilikuwa ya upande wa pili. Viunga vya Dar vilijazwa na watu wa Pwani na kusini: Wazaramo, Wandengereko, Warufiji, Wamatumbi. Walihama na ngoma zao za jando, unyago na harusi, na walipofika mjini hawakuziacha. Walizichezea uani, kati ya nyumba na nyumba.

Watoto wao walitaka kupiga muziki lakini magitaa na ngoma za kizungu vilikuwa na bei isiyoshikika. Wakachukua vinanda vidogo vya Casio, vya aina ambayo kwingine wananunuliwa watoto, wakaviunganisha na vikuza sauti vichakavu na spika za honi, wakavizungushia ngoma za asili. Ukazaliwa mchiriku. Kundi la Jagwa Music la Mwananyamala, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, liliubeba muziki huo hadi majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2012 albamu yao, Live Hotties, ilitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Sauti yake inakwaruza, na kukwaruza huko ndiko utamu wenyewe. Vijana wale hawakusubiri vyombo vizuri ndipo waanze.

Kompyuta zilipoingia mitaani, kazi ya Casio ikahamia kwenye laptopu. Manzese, Tandale na Mburahati vikawa viwanda vya singeli. Mburahati kuna Sisso Studios, na kazi zilizotengenezwa hapo zilikusanywa mwaka 2017 katika albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Baada ya hapo watayarishaji kama Bamba Pana, Jay Mitta na Duke walitoa albamu zao, na singeli ikaanza kuchezwa kwenye matamasha ya Ulaya mbele ya watu wasiojua neno hata moja la Kiswahili. Hapa nyumbani mlango ulifunguliwa na majina mengine: Msaga Sumu, Sholo Mwamba, Dulla Makabila, na Man Fongo, ambaye Hainaga Ushemeji yake ya mwaka 2016 iliingia hadi kwenye nyumba zilizokuwa zikiuita muziki huu wa kihuni. Redio ya EFM ya Dar es Salaam nayo iliipa singeli muda wa hewani wakati stesheni nyingine zikiona aibu.

Kwa hiyo singeli inapopigwa Bungu, wakubwa hawaipokei kama mgeni. Tazama mama wa miaka sitini anavyoingia uwanjani. Hafuati kasi ya kinanda. Anatafuta mdundo wa chini, ule uliotoka kwenye ngoma, anaukalia kwa kiuno taratibu, na vijana wanaorukaruka pembeni yake wanaonekana ndio wasiojua. Mjini walibadilisha vyombo na kasi. Kiuno kilibaki cha huku.

Nani analipa

Muziki wa dansi, uliotamba kabla ya huu, ulikuwa na wenyewe. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na baadaye ikawa chini ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, na mwanamuziki alikuwa mfanyakazi mwenye mshahara. Mfumo huo ulitupa nyimbo ambazo hadi leo zinasimamisha watu vitini, lakini ulikuwa na kasoro: vyombo si vyako, nyimbo ni zako nusu, na ukistaafu unaondoka na koti lako.

Muhidin Gurumo, mwana wa Kisarawe, jirani yetu wa mkoa huu huu wa Pwani, aliimba kwa zaidi ya miaka hamsini, zikiwemo bendi za NUTA, Mlimani Park na Msondo. Alipotangaza kustaafu mwaka 2013 alisema wazi kwamba muziki haujampa hata baiskeli. Diamond Platnumz, kijana wa kizazi kingine na muziki mwingine, alimzawadia gari. Mzee Gurumo alifariki Aprili 2014. Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ukarimu, na ukarimu ulikuwepo. Mimi nakisoma pia kama hati ya mashtaka dhidi yetu sote tuliocheza nyimbo zake bila kujiuliza nani analipwa.

Kijana wa singeli hana mwajiri. Laptopu ni yake au ya rafiki yake, programu ameipata mtaani, maiki anaazima. Hasara yake ni kwamba hana mshahara, faida ni kwamba hana wa kumwomba ruhusa. Anaishi kwa malipo ya mwenye shughuli na noti za kutunzwa. Utaratibu wa kutunza tuliurithi kwenye taarabu na ngoma, na ukiutazama vizuri ni mfumo wa fedha uliokamilika: mtu analipia kile alichokifurahia, papo hapo, mbele ya mashahidi, kwa kiasi anachotaka.

Wala si sisi peke yetu tulioanza hivi. Agosti 11, 1973, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, New York, msichana mmoja, Cindy Campbell, aliandaa sherehe ya kupata fedha za nguo za shule. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Muziki ulipigwa na kaka yake, DJ Kool Herc, aliyekuwa akirefusha vile vipande vya wimbo vinavyochezesha watu zaidi. Usiku huo huhesabiwa kuwa kuzaliwa kwa hip hop. Dada mwenye shughuli, kaka mwenye vyombo, kipande cha wimbo kinachozungushwa, na majirani waliolipa. Mtu wa Bungu akisimuliwa habari hiyo hataona ajabu yoyote.

Kibanda cha stendi

Muziki ukishapita uwanjani unahitaji miguu. Miguu yake ni memori kadi. Kwenye vibanda vya stendi, pale panapochajiwa simu na kuuzwa vocha, yuko kijana mwenye kompyuta iliyojaa nyimbo. Unampa kadi au flashi, anakuingizia.

"Niwekee zile mpya za Mbagala, kaka, za juzi."

"Unataka za matusi au za nyumbani?"

"Za abiria bwana. Nabeba mama za watu."

Mazungumzo mafupi ya bodaboda na kijana wa kibanda yanaeleza biashara nzima. Kijana anajua wimbo upi umetoka lini, upi una toleo safi na upi hauna, upi umechosha Kibiti lakini bado mbichi Bungu. Asubuhi inayofuata nyimbo hizo ziko kwenye redio ya pikipiki, zimepita Mjawa, zimeteremka Nyamisati. Huko zinapanda mashua kuelekea visiwa na vijiji vya delta, kati ya mikoko, ambako mtandao wa simu ni wa kubahatisha na sherehe moja hukumbukwa mwaka mzima. Wimbo uliotengenezwa chumbani Mburahati unaweza kuchezwa kwenye kijiji cha wavuvi wa kamba kabla haujagusa redio yoyote ya taifa.

Tatizo liko kwenye majina. Fungua kadi hiyo utakuta mafaili yanayoitwa "singeli kali 3", "mpya mpya", "track 07". Jina la MC limeanguka njiani. Jina la mtayarishaji halikuwepo tangu mwanzo. Mtu anaweza kuimbwa kutoka Mkuranga hadi Kilwa na asijulikane hata kwa anayemshangilia, na asiyejulikana haitwi kwenye shughuli inayofuata.

Mfumo rasmi nao unamkosa. Januari 2022 COSOTA, ofisi ya hakimiliki, iligawa mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii wa muziki zaidi ya elfu moja. Ilikuwa hatua njema, ingawa kwa wastani ni kama laki tatu kwa kila mmoja. Hesabu hiyo ilitokana na nyimbo zilizopigwa kwenye vyombo vya habari. Wimbo uliopigwa chini ya turubai Bungu, ukarudiwa mara nane kwa maombi ya watu, haukuonekana popote. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ikaweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Ndivyo vifaa vinavyopita mikononi mwa kijana wa kibandani kila siku. Tozo inakusanywa kwenye kifaa, lakini ili imfikie aliyeimba, ni lazima jina lake lijulikane kwanza.

Usiku usio na muziki

Anayeona ngoma za usiku kuwa kelele tu na akumbuke miaka ya 2015 hadi 2017. Viongozi wa vijiji, askari na raia waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa wilayani Kibiti kwa siku moja. Pikipiki zikazuiwa kutembea usiku, na jua likizama kila mtu alikuwa kwake. Nani angefunga turubai? Nani angekesha? Kwa hiyo leo muziki unaposikika saa tano za usiku na watu wanarudi kwao kwa miguu wakiimba, mimi husikia pia habari nyingine ndani yake: kwamba njia inapitika.

Hilo halifuti malalamiko ya wazee, na malalamiko yao yana ukweli. Spika huwekwa karibu na mgonjwa. Wanafunzi hukesha na Jumatatu hawaonekani darasani. Yapo mashairi ambayo mtu hawezi kuyasikiliza akiwa na mkwewe, na kuna michezo ya uchi iliyofanya viongozi wa sehemu mbalimbali wapige marufuku vigodoro, yaani ngoma hizi za kukesha mitaani. Shabiki wa kweli hana sababu ya kuyatetea hayo. Lakini marufuku ya jumla humpiga MC hodari na mhuni kwa fimbo moja. Kinachofaa kinajulikana: kibali chenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, watoto warudi nyumbani mapema, na spika zielekezwe mahali pasipo na mgonjwa wala msikiti.

Zaidi ya hayo, si lazima muziki huu uwe wa usiku. Kiwanja cha mpira kipo. Jumapili alasiri, mechi ikimalizika, MC wanne na DJ wawili wanaweza kushindana hadi magharibi, kwa kiingilio ambacho hata muuza maandazi anakimudu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kudhamini, jina lake likatajwa kila baada ya wimbo. Serikali ya kijiji ikakata ushuru wake halali. Zanzibar waliweza kujenga Sauti za Busara tangu mwaka 2004, likawa tamasha ambalo watu huvuka bahari kulifuata kila Februari, tena linasimama juu ya sharti moja, kwamba muziki upigwe kweli jukwaani. Hatuhitaji ukubwa ule. Tunahitaji sharti lile na siku inayojulikana, ili msanii wa Jaribu ajue kwamba kila mwezi kuna mahali atapimwa.

Kazi ya shabiki

Watu hudhani shabiki ni mtu wa kupokea tu. Kwenye muziki wa kampuni kubwa huenda ni kweli, maana ukiacha kusikiliza wewe hakuna atakayegundua. Kwenye muziki wa viwanja, kila mtu mmoja anahesabika. Duara lina watu sitini. Wakiondoka kumi, MC anaona. Akitunzwa na watatu, kesho ana nauli ya kwenda studio.

Basi ninakuomba wewe unayesoma, uwe Bungu, Kimanzichana, Tandale au Muscat, ufanye mambo matatu. Ukiingiziwa nyimbo, uliza huyu ni nani, na mwambie kijana wa kibanda aandike jina kwenye faili, hata kama ni la utani. Ukialikwa kwenye shughuli, mtunze MC kabla hujamrekodi kwa simu, na ukimrekodi, mtaje unapoituma video. Na pakitangazwa muziki kijijini kwenu wa mtu usiyemjua, nenda, lipa kiingilio kamili, usiingie kwa mlango wa undugu. Akiwa mbaya, ondoka mapema naye atajifunza. Akiwa mzuri, umemlipa wakati bado anaihitaji fedha hiyo, na hukusubiri astaafu.